Rili imezama maji chumvi na sasa inakwaruza: je, imekufa?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Kilifi, navua kolekole mdomoni mwa mkondo. Majuma mawili yaliyopita fimbo ya kuvulia iliniponyoka mtumbwini, rili yake, ile mashine ya kuvingirishia uzi, ikakaa chini ya maji karibu nusu saa mpaka kijana mmoja akaizamia. Nyumbani niliiosha kwa mpira wa maji, nikiubana mdomo ili maji yatoke kwa nguvu, kisha nikapulizia dawa ya WD-40 kila tundu na kuianika juani. Siku ya kwanza ilizunguka vizuri kuliko zamani. Sasa inakwaruza kama ina mchanga, breki ya kuzuia uzi usitoke ovyo inashika halafu inaachia kwa kushtukia, na jana mkono wa kuzungushia ulizunguka kinyumenyume. Ni rili ya spiningi, ukubwa wa 8000, nimeinunua kwa pesa ya kujinyima. Je, imekufa? Na nitaitunzaje, maana hata isipozama hulowa kila siku?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rili yako haijafa. Dalili tatu ulizozitaja zina sababu tatu mbalimbali, na zote waweza kuzitibu mezani kwako ukiwa na bisibisi, mswaki wa zamani na alasiri moja ya utulivu. Ila usiende nayo majini tena kabla hujaifungua. Kila samaki utakayemvuta sasa anazisaga gia pamoja na chumvi, na gia kubwa ikishaliwa meno, bei yake na muda wa kuisubiri ifike kutoka ng'ambo humkatisha mtu tamaa.

Nianze na hili la siku ya kwanza, kwa sababu ndilo huwadanganya wengi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, sawa na vijiko sita hivi vya chai. Rili ikiwa bado imelowa, chumvi hiyo imo ndani ya maji na kila kitu kinateleza. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Inaganda kwenye kona za gia, kati ya gololi za beringi na chini ya vichwa vya skrubu. Kisha usiku, hewa yetu ya pwani ikiwa nzito kwa unyevu, chumvi ile huinyonya na kuwa majimaji tena. Mchana inakauka, usiku inalowa. Kwa hiyo rili iliyotoka baharini Jumamosi inaendelea kuliwa Jumapili, Jumatatu na siku zote inapokaa kabatini, hata kama wewe waiona kavu.

Na chumvi haibagui. Watu huniambia, "Fundi, hii imeandikwa haishiki kutu." Chuma kisichoshika kutu kinalindwa na utando mwembamba sana juu yake, na chumvi hasa ndiyo hutoboa utando huo. Alumini ni hivyohivyo. Mbaya zaidi ni pale vyuma viwili vinapokutana: skrubu ya chuma ndani ya mwili wa alumini, maji chumvi katikati yao. Hapo umetengeneza betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona pembeni mwa skrubu ndiyo alumini yenyewe inayoondoka.

Sasa mpira wa maji. Ulifanya kwa nia njema, lakini maji yenye nguvu hayaitoi chumvi ndani ya rili, huisukuma zaidi. Sili za rili, ile mipira ya kuzuia maji, zimetengenezwa kuzuia matone na mawimbi yanayorushwa, si maji yanayolengwa kwa presha kutoka kiganja kimoja. Ile chumvi iliyokuwa mlangoni umeiingiza chumbani.

WD-40 nayo ina kazi yake. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiingereza ya kufukuza maji na jaribio la 40, na ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953. Kufukuza maji inafukuza kweli. Lakini pia inayeyusha grisi. Ulipoipulizia kila tundu, grisi ya gia ililainika ikatiririka, na nyingine imefika kwenye beringi ya kuzuia kurudi nyuma, ile iliyo chini ya kikombe kinachozunguka na kuvingirisha uzi. Ndani yake mna vijiti vidogo vinavyopaswa kukwama papo hapo mkono unapotaka kurudi. Vikifunikwa na grisi vinateleza, ndipo mkono ukazunguka kinyumenyume. Breki nayo ina mchanganyiko wa chumvi na dawa kwenye washa zake, vile visahani vinavyobanana, kwa hiyo inashika, inaachia, inashika. Kukwaruza ni beringi, na naomba iwe beringi peke yake.

Kabla hujashika bisibisi, angalia ubavuni mwa rili. Hukunitajia aina. Ikiwa ni Daiwa na imeandikwa Magseal, ifunge karatasini umpelekee fundi anayezijua. Rili hizo zinazuia maji kwa mafuta maalumu yenye sumaku, na ukiyaosha au ukayachanganya na mafuta mengine, kinga imekwisha. Kama haina maandishi hayo, endelea nami.

Tandika kitambaa cheupe mezani, mchana, mbali na watoto na feni. Cheupe kwa sababu kila springi inayoruka utaiona. Weka simu karibu na upige picha kila unapotoa kitu, hata kama waona ni rahisi kukumbuka. Mimi nimezifungua kwa miaka mingi na bado napiga picha. Vipande vipange kwa mfuatano kwenye trei ya mayai, kila shimo hatua moja.

Toa spuli, kile kigurudumu kinachobeba uzi, kwanza kwa kufungua kifundo cha breki, kisha mkono wa kuzungushia, kisha nati ya kikombe. Nati hiyo mara nyingi ina skrubu ndogo au bati linaloizuia, na kwenye rili nyingine hufunguka kuelekea upande usiouzoea, kwa hiyo ikikataa usiongeze nguvu, jaribu upande wa pili taratibu. Ndipo skrubu za ubavu. Tumia bisibisi inayojaza kichwa cha skrubu sawasawa. Ikiwa skrubu imeganda, hapa sasa WD-40 yako ina kazi: tone moja, iache usiku kucha. Ikikataa bado, mafundi redio wana kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi. Weka ncha yake juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika, usiguse plastiki, kisha jaribu tena. Skrubu iliyokatika kichwa ni kazi ya kutoboa na kukata hesi upya, na sitaki ufike huko.

Ukitoa gia kubwa utakuta washa nyembamba kama karatasi, pengine mbili upande mmoja na moja upande mwingine. Zichunge kama dhahabu. Hizo ndizo zinazopanga umbali wa gia na gia, na ukizibadilisha pande, rili itanguruma maisha yake yote, wala hakuna grisi itakayoinyamazisha. Nimeletewa rili nzima kabisa, haina kutu hata chembe, mwenyewe kaapa kuwa gia zimekufa. Kosa lilikuwa washa moja tu iliyohamia upande wa pili.

Soma rangi unazoziona, zitakuambia hali. Kijani ni shaba, na mara nyingi ni ya juu tu: mswaki, siki kidogo, maji, basi. Siki usiiache juu ya alumini, inaila. Nyeupe ni alumini. Isugue uone kama chini pako laini au pana mashimo. Nyekundu ni chuma, na ikiwa iko kwenye beringi, beringi hiyo umeage.

Mwili, gia na ekseli vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha usuuze. Beringi zitenge. Ziweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti, tikisa, mwaga, rudia mpaka spiriti itoke safi. Usitumie petroli. Inaharibu plastiki na mipira ya kuzuia maji, na nyumba imewahi kuungua kwa kazi ndogo kuliko hii. Beringi ikikauka, ishike tundu la katikati kwa kijiti, uizungushe kwa kidole polepole. Ikiwa inakwama au inatoa sauti ya mchanga hata baada ya kuoshwa mara tatu, ibadilishe. Usiipulizie upepo wa kompresa ili uisikie ikilia. Beringi kavu inayozunguka kwa kasi hiyo inajiharibu mbele ya macho yako.

Kwenye mafuta ndipo watu wengi huzidisha. Gia zinataka grisi, ile ya baharini inayouzwa kwa wenye mashine za boti inafaa sana, ipakwe kwa brashi hadi meno yaonekane yamevaa, yasizame. Beringi zinazozunguka haraka zinataka mafuta mepesi, tone moja. Mafuta ya cherehani yanatosha. Ile beringi ya kuzuia kurudi nyuma, baada ya kuioshea spiriti mpaka grisi yote itoke, ipe ukungu tu wa mafuta mepesi. Weka tone kwenye kidole, paka, futa. Ukiitia grisi, mkono utarudi nyuma tena siku ya kolekole mkubwa, na mkono unaorudi kwa kasi huvunja vidole. Mafuta ya nazi na ya kupikia yaache jikoni, yanakuwa gundi.

Breki ipe muda kuliko vyote, kwa sababu ndiyo inayokupatia samaki. Washa zake zitungie kwenye waya kwa mpangilio uleule unapozitoa. Kama ni nyeusi na ngumu, hizo ni za kaboni: zioshe kwa sabuni, zikaushe kabisa, kisha zipake grisi ya breki za rili kwa unene wa kuona mng'ao tu. Kama ni laini kama kitambaa cha kofia, hizo huishi kwa kunywa grisi, na zikishanyweshwa maji chumvi na dawa ya kupuliza, kununua mpya ni nafuu kuliko kuhangaika. Usitie mafuta mepesi kwenye breki ya aina yoyote. Grisi ya gari nayo haifai, ikipata moto inalegea na breki inapotea katikati ya mbio.

Uzi je? Hukuutaja, na ndio ulioficha chumvi nyingi kuliko kitu kingine. Uzi wa kusuka unanyonya maji kama utambi. Ukiurudisha kwenye spuli safi bila kuuosha, umeirudisha bahari. Uvute wote, uupitishe kwenye ndoo ya maji matamu ukiuzungushia kwenye chupa kubwa, uukaushe kivulini. Spuli ikiwa tupu, ipitishie kidole ndani. Mikwaruzo ya unga mweupe ukiikuta huko, sasa umejua ilikoanzia.

Ukishaifunga, usiamini mkono peke yake. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, uifunge mwishoni mwa uzi, mtu mmoja ashike fimbo, mwingine avute polepole. Breki iwekwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa ratili 50, ambao ni kama kilo 23, utafute kilo 6 au 7. Lakini namba hiyo si muhimu kama mwendo wa sindano. Ikitulia mahali pamoja wakati uzi unatoka, breki ni nzima. Ikipanda, ikashuka, ikapanda, fungua tena. Kuna washa iliyojikunja au umezidisha grisi. Samaki huondoka na uzi wakati ule sindano inaporuka.

Sasa ya kila siku. Rili ambayo haikuzama, ila imerushiwa maji na mikono ya chumvi, haihitaji kufunguliwa kila safari. Inahitaji dakika tano, kabla hujala. Kaza breki kwanza, ili maji yasipenye kati ya washa. Mwagie maji matamu kwa upole, kama mvua ya rasharasha, rili ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye fimbo, ukizungusha mkono polepole. Usiitumbukize kwenye ndoo. Usitumie maji ya moto. Futa kwa kitambaa, itikise, fungua waya wa uzi, ule upinde unaouongoza uzi kwenye spuli, kisha legeza breki kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika: washa zilizobanwa usiku kucha zikiwa na unyevu zinashikana. Iache kivulini penye upepo. Jua kali linachosha uzi wa nailoni na halikaushi kilichomo ndani. Na ile mifuko mizuri ya kuifunika rili, isubiri mpaka rili ikauke.

Mwagilia pia ile rola ndogo inayopitisha uzi, pembeni mwa waya. Ndiyo inayolowa kwanza na kufa kwanza. Kila baada ya safari mbili tatu itie tone la mafuta, na uijaribu kwa kuvuta uzi juu yake: inazunguka, au uzi unateleza juu ya rola iliyokwama? Ikikwama, uzi wako wa kusuka utakatika siku moja na utamlaumu aliyekuuzia.

Kuna jambo la maji ambalo sisi wa pwani lazima tulitazame. Visima vyetu vingi vina maji ya magadi au yenye chumvichumvi. Nilikuwa na mteja mmoja mwangalifu sana, anaosha kila siku bila kukosa, na rili zake zinaota unga mweupe kila mwezi. Nikamwomba anipe maji anayooshea, nikayaonja. Tangu hapo anamalizia kwa lita mbili za maji ya mvua aliyoyahifadhi, na malalamiko yameisha. Yaonje maji yako. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanaovua sangara hawana taabu hii ya chumvi, wao adui yao ni mchanga mwembamba na matope, lakini kukausha na kulegeza breki ni kulekule.

Na ikizama tena? Hapo mwagia maji matamu mara moja, na uifungue siku hiyohiyo au kesho yake. Kama huwezi, basi bora ilale usiku mmoja ndani ya ndoo ya maji matamu kuliko kulala mezani ikiwa imejaa bahari. Najua nimesema usiitumbukize kwenye ndoo. Ile ilikuwa rili iliyolowa nje tu. Hii tayari maji yamo ndani, na kinachotakiwa ni kuyafanya yasiwe chumvi na kuizuia isikauke mpaka upate nafasi.

Mwisho kuna kusi. Huku Watamu na Malindi boti nyingi za kuvulia nduwaro na jodari hufanya kazi kaskazi, na bahari ikichafuka kuanzia Aprili zinapandishwa pwani. Rili zinaingia stoo. Mwezi wa Agosti watu wakianza kujitayarisha, ndipo meza yangu inajaa. Mwaka mmoja nililetewa rili sita za boti moja, zote zimefutwa nje zinang'aa, zimetundikwa kwa mpangilio, breki zimekazwa zote. Nne hazikuzunguka hata kidogo. Washa zilikuwa zimegandana kama keki. Kati ya hizo sita ilikuwamo Penn Senator kuukuu, aina iliyoanza kutengenezwa Philadelphia mwaka 1936, nayo ndiyo iliyorudi kazini ya kwanza, kwa sababu yule aliyeichora alifikiri kuwa mwenyewe atataka kuifungua. Skrubu chache, kila kitu kinaonekana. Ndiyo maana nazipenda zile za zamani na huwa siruhusu zitupwe.

Kwa hiyo wewe, usipovua kwa mwezi mzima au zaidi, ifungue kabla ya kuiweka, siyo unapoitoa. Iweke na grisi mpya, breki imelegezwa, uzi umeoshwa, ndani ya kitambaa cha pamba, siyo mfuko wa plastiki. Mara moja kila majuma mawili izungushe mkono mara ishirini ili grisi isikae upande mmoja.

Kuhusu kununua vipuri, subiri mpaka uifungue. Beringi zikiwa na kutu usihangaike kutafuta zenye jina la kiwanda cha rili. Pima tundu, upana wa nje na unene kwa milimita, uziombe za chuma kisichoshika kutu kwa vipimo hivyo. Gia ni jambo jingine, hiyo lazima iwe ya rili hiyohiyo. Ipitishie ukucha kwenye meno yake baada ya kuiosha. Ukucha ukipita bila kukwama, hata kama rangi imebadilika, irudishe ndani na uendelee kuvua. Ukikwama kwenye vishimo, ipige picha ya karibu penye mwanga, na namba iliyo chini ya mguu wa rili, unitumie kabla hujatoa senti.